Mkeka wa Bondeni na Mfarishi wa Mtoni

Katindiuka imekaa kando ya mji wa Ifakara. Upande mmoja husimama milima ya Udzungwa; upande wa pili hulala tambarare ya mto Kilombero, ambayo masika huifunika kwa maji na kiangazi huirudisha kuwa malisho na mashamba ya mpunga. Nchi hiyo imechorwa katika ramani nyingi. Iko pia ramani moja iwezayo kukunjwa na kuchukuliwa kwapani, nayo ni mkeka.

Ukindu hupenda maji. Huota kandokando ya mito na penye vinamasi. Majani yake machanga hukatwa, hukaushwa, kisha huchanwa membamba, na mengine hutiwa rangi katika sufuria ichemkayo. Hapo husukwa ukili, ukanda mrefu wa upana wa vidole vichache, na kili zikitimia hushonwa ubavu kwa ubavu. Msomaji wa Unguja au Pemba hahitaji kufunzwa hayo, maana ususi wa kwao ni ndugu wa huo. Mkeka, basi, ni kitu kilichoungwa kwa vipande, na kila kipande kimetoka katika udongo wa mahali panapojulikana. Hauna picha ya bonde juu yake, kwa kuwa wenyewe ni sehemu ya bonde.

Kazi ya namna hiyo ina mwenzake mbali sana. Katika jimbo la Alabama, Marekani, kiko kijiji kiitwacho Gee's Bend, kilichozungukwa na mto pande tatu. Wanawake wa hapo, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba, walishona mifarishi kwa viraka vya nguo za kazi zilizochakaa, wapate kuwafunika watoto wakati wa baridi. Mtindo wao mmoja mashuhuri huitwa paa la nyumba: miraba ndani ya miraba, mfano wa nyumba itazamwayo kutoka juu. Mwaka 1962, weusi wa kijiji walipokuwa wakidai haki ya kupiga kura, kivuko chao kilisimamishwa. Hakikurudishwa hata mwaka 2006. Katika miaka hiyo mifarishi ilivuka kabla ya washonaji. Mwaka 1966 iliundwa jumuiya ya ushirika ya kuiuza, na mwaka 2002 ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kila mmoja na jina la aliyeushona.

Bonde la Kilombero nalo lajua thamani ya kuvuka. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ililiunganisha na Dar es Salaam na Zambia. Mto wenyewe uliendelea kuvukwa kwa pantoni, ambayo ilizama Januari 2016. Daraja lilifunguliwa mwaka 2018. Pamoja na njia zilikuja jembe kubwa, mashamba ya miwa na misaji, na makundi ya ng'ombe. Mwaka 2002 tambarare hiyo, yenye ukubwa wa hekta 796,735, iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Humo huishi sheshe, na humo hujenga kwera wa Kilombero, ndege msusi ambaye wanasayansi walimtambulisha kwa ulimwengu mwaka 1990 tu.

Kinamasi kikikauka, hasara huhesabiwa kwa samaki, kwa sheshe na kwa magunia ya mpunga. Ukindu ni nadra kuhesabiwa. Lakini msusi akikosa ukindu hukosa pia sababu ya kumfundisha bintiye rangi na mshono, na mkeka wa plastiki utokao dukani hauhitaji mwalimu.

Iko hasara nyingine, iliyo rahisi kuizuia. Mfarishi wa Alabama uliingia katika historia pamoja na jina la mwanamke aliyeushona. Mkeka wa bondeni kwa kawaida hutoka ukiitwa wa Ifakara, basi. Jina la mji ni heshima. Hata hivyo mji haukuchana ukindu wala haukukesha ukisuka ukili. Anunuaye mkeka aweza kuuliza umesukwa na nani, na akaliandika jina hilo. Historia nyingi zimeanza kwa swali dogo kuliko hilo.