Kufiwa na rafiki wa kazini: jinsi ya kujitunza huku ukiendelea kulea

Jumatatu mlikula pamoja chakula cha mchana. Jumatano ukapigiwa simu kwamba amefariki. Alhamisi asubuhi mtoto anataka uji, sare za shule hazijafuliwa, na kazini kiti chake kiko wazi. Makala haya yanaeleza kinachoweza kukupata katika siku kama hizi, unachoweza kufanya, na wakati wa kutafuta msaada.

Je, ni kawaida kuumia hivi kwa mtu asiye ndugu?

Ndiyo. Uzito wa huzuni hutokana na ukaribu, si ukoo tu. Huenda yeye ndiye aliyekushikia zamu mtoto alipougua, mlicheza naye upatu, na alijua mambo ambayo hata nyumbani hujayasema.

Lakini msibani wanaopewa pole ni familia. Wewe unahesabiwa kati ya waliokuja kutoa pole, kisha unarudi kazini. Hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inapotaja angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa aliyefiwa, inataja mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka na dada. Rafiki hayumo.

Mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliielezea hali hii katika kitabu cha mwaka 1989: ni huzuni ambayo jamii haiitambui. Kutotambuliwa hakuifanyi iwe ndogo. Mara nyingi huifanya iwe nzito zaidi, kwa sababu unaibeba peke yako.

Mambo unayoweza kuyaona

- Kukosa usingizi au hamu ya kula
- Kuumwa kichwa, kuchoka sana, kifua kubana
- Kusahau mambo na kushindwa kutulia kwenye kazi moja
- Kuwakasirikia watoto kwa mambo madogo
- Kujilaumu: “Ningempigia simu jana yake”
- Kutohisi chochote, kisha kulia ghafla siku nyingine

Haya huja na kuondoka, wala hayafuati mpangilio. Maumivu makali ya kifua au kushindwa kupumua vizuri usiyachukulie kuwa ni huzuni tu. Nenda hospitali mara moja.

Ufanye nini wiki hii?

Sema wazi kwamba umefiwa. Mwambie mumeo, mama yako au jirani: “Nimefiwa na rafiki yangu, nahitaji msaada.” Taja msaada wenyewe: kumpeleka mtoto shule, kupika chakula cha jioni, kukaa na mtoto ili ulale.

Zungumza na msimamizi wako. Omba siku kutoka kwenye likizo yako ya mwaka, au ruhusa ya kwenda kuzika. Kama kazi yako ni ya kupima dawa, kuendesha gari au kutumia mashine, omba mwenzako akuangalie, kwa sababu akili iliyofiwa hukosea kwa urahisi.

Kula kidogo kidogo na kunywa maji. Mtoto anapokula, kaa ule naye.

Epuka kutumia pombe au dawa za usingizi ili upate kulala. Kama umetumia, usilale kitanda kimoja na mtoto mchanga. Ni hatari kwa maisha yake.

Kama unanyonyesha

Majonzi hayaharibu maziwa yako. Yanaweza kuchelewesha maziwa kutoka, na mtoto akalia kwa kukosa subira. Endelea kumnyonyesha mara kwa mara. Kaa mahali patulivu, umweke kifuani ngozi kwa ngozi, na umpe muda. Kulia ukiwa unanyonyesha hakumdhuru.

Umwambie nini mtoto?

Mtoto ataona umebadilika, na asipoambiwa anaweza kudhani amekukosea. Tumia maneno ya wazi: “Rafiki yangu amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi. Nalia kwa sababu nilimpenda. Wewe hujakosea.” Epuka kusema “amelala” au “amesafiri”, kwani mtoto mdogo anaweza kuogopa kulala au kuogopa unapoaga kwenda kazini. Akiuliza tena kesho, mjibu tena.

Baada ya matanga

Mara nyingi ugumu huongezeka watu wakishatawanyika. Tafuteni njia ya kumkumbuka pale kazini: kukaa pamoja na kumzungumzia, kumwombea, au kwenda kuwaona watoto wake. Familia yake huenda ikafurahi kusikia alivyokuwa kazini, sehemu ya maisha yake ambayo wewe uliijua kuliko wao.

Tafuta msaada wa mtaalamu iwapo:

- Unashindwa kumhudumia mtoto au kujihudumia mwenyewe
- Huzuni haijapungua kabisa baada ya miezi 6 na inakuzuia kuishi maisha yako ya kila siku
- Umejifungua ndani ya mwaka mmoja na kwa wiki 2 au zaidi unajisikia huna thamani au huna furaha na chochote. Huenda ni sonona
- Unatumia pombe au dawa ili upite siku

Ukipata mawazo ya kujiua au kumdhuru mtoto, usisubiri. Mwachie mtoto mtu unayemwamini, usikae peke yako, na nenda leo kwenye kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Mweleze mhudumu ukweli wote. Hali hii inatibika.