Matone ya Bonde la Ruzizi: kuipima tuhuma ya chanjo ya 1958

Mwezi Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa polio, wa kwanza kwa zaidi ya miaka 30. Mtaani kwetu Bujumbura wazee hawakuzungumzia ugonjwa wenyewe. Walizungumzia mwaka 1958. Walisema matone ya Wabelgiji ndiyo yaliyoleta UKIMWI, sasa nani apeleke mjukuu wake kupewa matone mengine? Habari hiyo niliisikia tangu shule ya msingi, na kusema kweli niliiamini. Katika insha hii ninajaribu kuipima.

Nianze na yasiyobishaniwa. Kati ya Februari na Aprili 1958, watu zaidi ya 215,000 wa bonde la Ruzizi walitiliwa mdomoni chanjo ya majimaji iliyoitwa CHAT. Ilibuniwa na Hilary Koprowski wa Taasisi ya Wistar, Philadelphia. Kazi hiyo haikufichwa: Ghislain Courtois, mkuu wa maabara ya Stanleyville (Kisangani ya leo), Koprowski na wenzao waliitangaza mwaka huohuo katika jarida la madaktari wa Uingereza. Karibu na Stanleyville, mahali paitwapo Lindi, palikuwa na kambi ya sokwe waliotumiwa katika utafiti wa chanjo hiyo.

Tuhuma ilikuja baadaye sana. Mwaka 1992 mwandishi Tom Curtis aliuliza katika gazeti la Rolling Stone kama chanjo hiyo ndiyo chanzo cha UKIMWI. Koprowski akashtaki, na mwaka 1993 gazeti likachapisha ufafanuzi kwamba hakukuwa na ushahidi wa kuthibitisha jambo hilo. Mwaka 1999 Edward Hooper akatoa kitabu kinene, The River, akidai kwamba baadhi ya chanjo ilioteshwa katika figo za sokwe wenye virusi. Koprowski na wenzake walikana: walitumia figo za kima, si za sokwe.

Kilichowavuta wengi ni ramani. Hooper alionyesha kwamba wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipatikana karibu na vituo vya chanjo. Hoja hii ilinishika mimi pia, mpaka nilipojiuliza vituo hivyo viliwekwa wapi. Viliwekwa penye barabara, miji, na zahanati. Na ni hapohapo ambapo mgonjwa angeweza kupimwa na jina lake kuandikwa. Aliyefia porini hayumo kwenye ramani ya mtu yeyote.

Ushahidi ulionisumbua zaidi ni wa Mkongo mmoja aliyefanya kazi katika maabara ya Stanleyville. Alimweleza Hooper kwamba chanjo ilitengenezwa palepale. Daktari Mbelgiji aliyetajwa akakana. Tumwamini nani? Sisi tunaosoma historia ya ukoloni tunajua ni neno la nani lililozoea kuandikwa na la nani lililozoea kupuuzwa, kwa hiyo sikuwa tayari kumtupa yule mzee kwa sababu tu daktari amekana. Ni kweli pia kwamba chanjo zilizobaki kwenye majokofu ya Wistar zilipopimwa, na majibu kutolewa London mwaka 2000, hazikukutwa na virusi wala chembe za sokwe. Lakini Hooper alijibu kwamba hizo si zile za Stanleyville, na jibu hilo lina mantiki. Kibaya ni kwamba kamati iliyoundwa na Wistar yenyewe ilishauri zipimwe tangu 1992. Miaka minane ya kungoja iliupa uvumi muda wa kukomaa.

Basi tuchukulie kwamba yule mzee alisema kweli tupu. Hata hivyo tuhuma inaanguka. Mwaka 2004 Michael Worobey na wenzake walichunguza virusi vya sokwe wa eneo la Kisangani wakakuta ni vya ukoo mwingine, si ule uliozaa virusi vya UKIMWI vilivyoenea duniani. Mwaka 2006 ukoo huo ulipatikana kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun. Tena, virusi vya watu wawili wa Léopoldville, vilivyohifadhiwa tangu 1959 na 1960, vilikuwa vimeshaachana sana kiasi kwamba mzizi wao unakadiriwa kuwa mwanzoni mwa karne ya 20. Chanjo ya 1957 au 1958 haiwezi kuwa mzazi wa virusi vilivyoitangulia kwa miongo kadhaa.

Lakini ndani ya uvumi ule mna swali la pili, na hilo halikujibiwa na maabara yoyote: je, watu wale waliombwa ridhaa? Kanuni ya Nuremberg iliyotaka ridhaa ya hiari katika majaribio ilikuwa na umri wa miaka 11. Watetezi husema ilikuwa kampeni ya afya, si jaribio. Ripoti yenyewe, hata hivyo, inazungumza kama watu wanaopima chanjo mpya kwa umati. Wala si Waafrika peke yao: mwaka 1950 Koprowski aliwapa chanjo yake ya awali watoto 20 wa Letchworth Village, nyumba ya watoto wenye ulemavu wa akili huko New York. Katika shauri hili nawaona na hatia, ingawa katika lile la kwanza nimewaachia.

Na kuna jambo lisilopendeza ambalo ni lazima niliseme. Virusi vya mlipuko wa 2023 vilitokana na chanjo ya matone yenyewe, vikabadilika vilipozunguka kati ya watoto wasiochanjwa. Nilipomweleza bibi yangu hivyo, kaka yangu alinikataza, akisema nitamtisha. Bibi alikulia upande wa Gatumba na anakumbuka kupangwa foleni akiwa mdogo na kutiliwa maji mdomoni; kama ilikuwa 1958 au kampeni nyingine, hajui. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama safari hii wanaeleza kabla ya kutia. Nikamwambia wanapita nyumba kwa nyumba, unaweza kuwauliza. Walipofika, aliwauliza maswali kwa karibu nusu saa, mtoto wa kaka yangu akiwa amempakata, ndipo akamfumbua mdomo.