Zawgyi na Yunikodi: ugomvi wa fonti uliozigawa simu za Myanmar

Tarehe 1 Oktoba 2019, siku iliyopewa jina la Siku ya U (U ya Unicode), serikali ya Myanmar ilianza rasmi kuiacha fonti ya Zawgyi na kufuata Yunikodi, yaani utaratibu wa kimataifa unaoipa kila herufi ya kila mwandiko namba yake ya kudumu, na hivyo ukaanza kuzimika ugomvi ambao kwa zaidi ya miaka kumi ulifanya ujumbe ulioandikwa katika simu moja usisomeke katika nyingine.

Yunikodi ilitoka mwaka 1991 na kuupokea mwandiko wa Kiburma mwaka 1999, lakini mpangilio wake ulirekebishwa kwa kiasi kikubwa mwaka 2008, wakati Zawgyi imekwisha kuenea kwa kuwa ilifanya kazi katika mitambo isiyoweza kuziumba herufi za Kiburma zinazopandana. Bei ya laini iliposhuka mwaka 2014, baada ya kampuni za simu za Telenor na Ooredoo kuingia sokoni, wengi walinunua simu zenye Zawgyi tayari, kwa hiyo kuwalaumu kwa ukaidi, kama ilivyozoeleka, si haki.

Kiini cha ugomvi ni kwamba pande zote mbili zilitumia namba zilezile kwa maana tofauti. Irabu e ya Kiburma huchorwa kushoto kwa konsonanti yake; Zawgyi iliihifadhi mbele, kama jicho linavyoiona, ilhali Yunikodi huihifadhi nyuma, kama inavyotamkwa. Aidha, katika Zawgyi neno moja liliweza kuhifadhiwa kwa namna kadhaa zenye sura ileile, hata utafutaji ukashindwa kulipata. Baya zaidi, ingawa hutajwa kwa nadra, Zawgyi ilijitwalia namba zilizotengewa lugha za jamii ndogo, zikiwamo Kishan na Kimon, ambazo wasemaji wake hawakuwa na sauti katika mabishano hayo.

Waandishi wa programu za simu walipokea mfuatano wa herufi usio na alama yoyote ya kuonyesha umeandikwa kwa utaratibu upi. Mwaka 2018 Google ilitoa zana inayokisia kwa kupima uwezekano wa herufi kufuatana, na mwaka uliofuata wahandisi wa Facebook wakaeleza jinsi programu yao ilivyotambua fonti ya simu kwa kupima upana wa herufi zilizopandanishwa: zikichukua nafasi ya herufi moja, simu ni ya Yunikodi. Matini ndefu hutambuliwa kwa urahisi. Maoni ya neno moja au mawili yaliyoandikwa kabla ya mwaka 2019 bado huweza kugeuzwa visivyo kuwa Yunikodi.