Bulangeti la viraka: kazi ya sindano katika Kampemba



Tulipogawanya kazi ya kuandika kitabu hiki cha jubilei, mmoja alipewa historia ya jengo la kanisa, mwingine historia ya shule, mwingine ya kwaya. Mimi mwalimu nilipewa viraka. Wenzangu walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini nilipoanza kuwauliza wazee na kufungua vitabu, niliona ya kwamba vipande vile vya nguo, vinavyolala chini ya meza ya kila fundi wa kushona, vinatupeleka mbali kuliko nilivyozania.

Tuanze na baridi. Mgeni anayetoka Kinshasa ao Kisangani huzani Congo yote ni joto. Mji wetu uko juu, karibu metre 1 200 kupita bahari, na katika mwezi wa sita na wa saba joto la usiku hushuka mpaka digri 8, mara nyingine chini yake. Mzee anayelala peke yake katika nyumba ya mabati anajua maana ya digri 8. Hivi tangu Elisabethville ilipoanza, mwaka 1910, bulangeti lilikuwa mali. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitafuta watumikaji mbali sana, katika Lomami, katika Kasai, katika Rhodesia, na nyuma yake katika Ruanda-Urundi. Na bulangeti lilikuwa kati ya vitu ambavyo mtu alipewa alipoandikwa kazi. Kwa wengine lilikuwa kitu cha kwanza cha ulaya walichokuwa nacho.

Katika miaka ya kwanza watumikaji wengi walikuja pasipo mabibi, wakatumika miezi michache, wakarudia kwao. Karibu na mwaka 1928 wakubwa wa kampuni waligeuza mashauri: waliona ya kwamba mwanaume mwenye bibi na watoto kambini hakimbii kazi. Wamama wakaja, na pamoja nao ikaja kazi ya kuwafundisha. Ndipo vilipofunguliwa vyumba vya kushonea katika makambi, na katika miaka ya 1930 zile nyumba za mafundisho ya wamama ambazo wazee wetu wanaziita hata leo fwaye sosiali. Masista na mademwazeli wa Ubelgiji walifundisha kupika, kuosha mtoto, kupiga pasi, kushona, na kutengeneza nguo iliyopasuka. Sitaisifu shule ile kupita kipimo. Wababa walifundishwa ufundi wa kulipwa mshahara, na wamama ule wa kukaa nyumbani; tofauti hiyo imetuachia matunda machungu. Lakini sindano ilibaki mikononi, na mkono wenye sindano haukuulizwa tena na mademwazeli inafaa kushona nini.

Wala tusiwaze ya kwamba kiraka kilikuja na Wabelgiji. Wakuba wa Kasai walifuma vitambaa vya majani ya mtende mbele ya mzungu yeyote kufika. Kitambaa kile kikitoka kufumwa ni kigumu. Hukipigapiga katika kinu kipate kulainika, na mara nyingi kinatoboka. Wamama wa Kikuba walifunika matundu kwa viraka vya namna mbalimbali, na wajuzi wengi wanasema ya kwamba pale ndipo ulipotoka uzuri wa zile sketi ndefu za sherehe, ambazo viraka vyake vinatapanyika kama alama juu ya mchanga. Nyuma yake walitia viraka hata mahali pasipo tundu. Leo sketi hizo zinatunzwa katika majumba makubwa ya makumbusho ya Ulaya, na mchoraji Mfaransa Matisse alizitundika katika nyumba yake. Kilichoanza kuficha tundu kimefika ukutani kwa Matisse!

Vipande vya Lubumbashi vinatoka hasa kwa kikwembe. Kila mama anajua hesabu hii: yadi 6, yaani vipande vitatu vya yadi mbili mbili. Kimoja kinafungwa kiunoni, cha pili kinawekwa juu yake ao kinabeba mtoto, na cha tatu fundi anakikata libaya. Katika kukata shingo, mikono na marinda ya libaya ndimo yanamotoka masalio. Wakati wa siasa ya Authenticité, nyuma ya mwaka 1971, inchi ilipoitwa Zaïre na wanawake walipokatazwa suruali, kikwembe kikawa vazi la ofisi na la kanisa, na mafundi wa barazani wakapata kazi kuliko mbele. Masalio yakaongezeka vilevile. Wengi waliyatia ndani ya mito, wengine waliwashia moto wa makala.

Mama yangu hakuyatupa. Nilikuwa mtoto katika miaka ile mibaya: mgodi wa Kamoto ulianguka mwaka 1990, mji ukaporwa mwaka 1991, kisha ndugu zetu wa Kasai wakafukuzwa katika jimbo, wakalala kwenye vituo vya treni ya Likasi na Kolwezi wakingoja njia. Shaba, ambayo Gécamines ilitoa tone zaidi ya 470 000 mwaka 1986, mwaka 1994 haikufika 40 000. Nyumba nyingi ziliuza mabulangeti yao zipate unga. Sisi watoto wanne tulilala chini ya kitu ambacho mama alikishona kwa masalio ya libaya na magunia ya unga, na mimi, nilipopata nafasi ya kwenda seminari ndogo, niliona haya kukipeleka. Nilidanganya ya kwamba hakikutosha katika sanduku. Katika baridi ya kwanza ya seminari nililipa uwongo ule.

Sasa nieleze namna wamama wa parokia yetu wanavyotumika, maana mapadri wengi wamebariki mabulangeti haya pasipo kujua yanavyoshonwa. Kwanza wanachagua: pamba kwa pamba. Kitambaa cha nailoni kinayeyuka chini ya pasi, tena kinavuta kile cha jirani mpaka mshono unakunjamana. Vipande vyote vinafuliwa kwanza, kwa sababu kikwembe kipya kinaweza kutoa rangi na kupunguka. Kikishonwa bila kufuliwa, bulangeti lote linaharibika siku ya kwanza ya maji. Kisha kipimo cha katoni, santimetre 22 kila upande. Ukitoa mishono, kila kiraka kinabaki santimetre 20. Viraka saba kwa upana na kumi kwa urefu, yaani 70, vinatoa metre 1,40 kwa 2. Chini wanaweka shuka kuukuu, katikati bulangeti lililochakaa, na wanafunga matabaka matatu kwa uzi mnene wa mkono. Mashini ya miguu inafanya mishono mirefu. Umeme ukikatika, kazi haisimami.

Upande mmoja nina deni la kulikiri. Mara ya kwanza tulipogawa, mimi ndiye niliyesoma majina. Nilisimama nyuma ya Misa, mbele ya watu wote, nikaita maskini mmoja mmoja, nikizani ninawapa heshima. Mjane mmoja alipokea, akatoa asanti kwa sauti ndogo. Jioni mjukuu wake aliturudishia bulangeti, limekunjwa vizuri, na neno la kwamba bibi yake hajafika kiasi cha kuvalishwa viraka kanisani. Kwetu, mtu wa viraka ni mtu aliyeshindwa. Nilipaswa kulikumbuka hilo, mimi niliyeficha kitu cha mama yangu. Wamama hawakunilaumu sana. Walibadili desturi tu. Tangu siku ile hakuna majina yanayosomwa. Wanapeleka usiku, wawili wawili, na kila mshonaji anatandika la namna ileile juu ya kitanda chake mwenyewe. Tena wanawapa mabibi arusi mabulangeti ya viraka, yenye rangi zilizochaguliwa kwa macho. Ilipita miaka miwili, yule mjane akaomba moja. Alichagua viraka mwenyewe, akakataa vyote vya manjano.

Nilipoeleza mambo haya kwa padri mmoja mgeni, aliniambia habari ya Wasidi wa India, nami nimeitafuta vitabuni. Katika jimbo la Karnataka wanakaa wazao wa Waafrika, ambao wengi walipelekwa kule kama watumwa na Wareno wa Goa. Wamoja ni Waislamu, wamoja Wahindu, wamoja Wakatoliki kama sisi. Wamama wao wanashona kwa nguo kuukuu bulangeti liitwalo kawandi: wanaanza pembeni, wanazunguka ukingo, viraka vinafuatana mpaka vinakutana katikati. Mwishoni wanaweka maua ya kitambaa katika pembe nne, maana wanasema pasipo maua lile ni uchi. Wakatoliki wanatia misalaba. Wala hawa wala wazao wa watumwa wa Gee's Bend, katika Alabama ya Marekani, ambao mabulangeti yao ya nguo za kazi yalionyeshwa katika majumba makubwa tangu mwaka 2002, hawakujifunza kwetu, wala sisi kwao.

Wengine wananiuliza: bulangeti jipya la kiwandani linauzwa kwa bei ndogo sokoni, na mitumba imejaa kila njia, mbona kuchoka bure? Swali ni la haki, na kwa hesabu ya feza tu ningeshindwa kulijibu. Nawaomba waje siku ya ine saa tisa, waketi nusu saa katika chumba cha nyuma ya sakristia, wasikilize yanayosemwa pale sindano zikiingia na kutoka. Tabita wa Yopa, wa sura ya 9 ya Matendo ya Mitume, alipokufa, wajane walionyesha nguo alizozishona wakati alipokuwa pamoja nao.

Kwa sikukuu hii ya jubilei wamama wamekwisha kumaliza kumi na mawili, na la kumi na tatu liko mezani, bado pembe moja. Mafundi wa Bel-Air na Bongonga wanaotunza masalio wayalete katika gunia nyuma ya Misa ya kwanza. Pamba tu, tafazali.