Mbwa aliyechelewa kubweka: historia ya The Adjustment Bureau

Saa mbili na robo asubuhi mbwa alitakiwa abweke. Hakubweka. Alikuwa amepitiwa na usingizi uani, na alipozinduka muda ulikuwa umekwisha pita. Badala ya rafiki mwenye gari, mlangoni akaja wakala wa bima, na mwenye nyumba, mfanyakazi wa ofisi ya viwanja na majengo aitwaye Ed Fletcher, akachelewa kazini.

Kuchelewa huko kukamwonyesha asichostahili kukiona. Jengo la ofisi yake lilikuwa limegeuka majivu. Wenzake walisimama kama sanamu za vumbi, ukiwagusa wanamomonyoka. Katikati yao watu wenye mavazi meupe walikuwa kazini, wakirekebisha ulimwengu kama mafundi wanavyokarabati nyumba ambayo mpangaji hakupaswa kuwamo.

Ndivyo inavyokwenda “Adjustment Team”, hadithi fupi ya Philip K. Dick iliyotoka mwaka 1954 katika jarida la Marekani la Orbit Science Fiction. Miaka 57 baadaye ilizaa The Adjustment Bureau, sinema ya mapenzi na msisimko iliyojaza watu kumbini wakijiuliza swali ambalo Waswahili wamelijibu kwa methali moja: liandikwalo ndilo liwalo. Je, ni kweli?

Dick alikuwa na umri wa miaka 25 hadithi ilipotoka. Aliishi Berkeley, California, na alitunga mfululizo kwa sababu majarida ya aina ile yalilipa kidogo. Ulikuwa wakati wa Vita Baridi. Marekani ilikuwa ikiwasaka wakomunisti hadi maofisini na vyuoni, na Dick mwenyewe na mkewe Kleo waliwahi kubishiwa hodi na maofisa wa FBI. Mtu aliyeishi katika hali hiyo hakuhitaji kwenda mbali kutafuta wazo la ofisi ya siri inayofuatilia maisha ya watu.

Hata sababu ya marekebisho yale ni ya zama zake. Fletcher anapopandishwa juu kukutana na Mzee, mkuu wa shughuli yote, anaelezwa kuwa bosi wake lazima abadilishwe ili anunue ardhi ya msitu huko Canada. Ununuzi huo utaleta ugunduzi, ugunduzi utawakutanisha wanasayansi wa mataifa, na hofu ya vita itapungua. Fletcher anaachiwa kwa sharti moja: asimwambie mtu, hata mkewe. Mkewe anapombana kwa maswali, mlangoni anatokea mchuuzi wa mashine za kufyonza vumbi. Fletcher anapumua, kwa kuwa anajua ni nani waliomtuma.

Hadithi ililala miaka mingi, huku nyingine za Dick zikipanda kwenye skrini: Blade Runner mwaka 1982, Total Recall mwaka 1990, Minority Report mwaka 2002. Aliyeiamsha hii ni George Nolfi, mwandishi wa miswada aliyeshiriki kuandika The Bourne Ultimatum na ambaye hapo nyuma alisoma falsafa Oxford. Hii ndiyo sinema yake ya kwanza kuiongoza.

Nolfi alibakiza mtego wa mwanzo na kubadilisha karibu yote mengine. Mbwa akawa Harry, mtumishi wa Ofisi (ndiyo ile Bureau ya jina la sinema, inayopanga maisha ya watu kwa siri), aliyechezwa na Anthony Mackie. Kazi yake asubuhi ile ilikuwa ndogo: ifikapo saa moja na dakika tano, mwanasiasa David Norris awe amejimwagia kahawa kwenye shati. Harry anasinzia kwenye benchi. David anapanda basi akiwa msafi, na ndani ya basi amekaa Elise, mcheza dansi aliyekutana naye hapo awali katika msala wa wanaume wa hoteli ya Waldorf Astoria, usiku David aliposhindwa uchaguzi wa useneta.

Hapo ndipo hofu ya mwaka 1954 ilipogeuka mapenzi. Wanaume wa Ofisi, wenye suti na kofia, wanachoma kadi yenye namba ya simu ya Elise mbele ya macho ya David. Miaka mitatu anapanda basi lile lile akitumaini kumwona. Anapompata, anaelezwa bei: wakiwa pamoja, yeye hatafika Ikulu ya Marekani, na Elise ataishia kufundisha dansi watoto wa miaka sita. Matt Damon na Emily Blunt wanacheza kwa namna inayokufanya umchukie yeyote mwenye daftari la mipango.

Msisimko umo kwenye milango. Ukivaa kofia ya Ofisi na kuzungusha kitasa, unaingia chumba kimoja na kutokea mtaa mwingine kabisa: kutoka mahakamani hadi Yankee Stadium, kisha hadi kwenye Sanamu ya Uhuru. New York yote inakuwa nyumba moja, na funguo wanazo wengine.

Sinema ilitoka Marekani Machi 4, 2011. Iligharimu takriban dola milioni 50 na kuingiza karibu milioni 128 duniani. Oktoba mwaka huo huo ugomvi ukafika mahakamani: warithi wa Dick waliwashtaki watayarishaji, ambao walidai kuwa hadithi ile ni mali ya umma kwa kuwa hakimiliki ya toleo la Orbit haikuhuishwa. Sheria ya Marekani ya zamani ilitoa ulinzi wa miaka 28, kisha mwenye kazi ahuishe. Hesabu kutoka 1954, utaangukia 1982. Dick alifariki Machi 2 mwaka huo, miezi michache kabla Blade Runner haijaonyeshwa.

Tukirudi kwenye methali yetu, wengi walitoka kumbini wakiamini kuwa hiari imeshinda. David na Elise wanakataa kuachana, wanakimbilia juu ya paa, na Mwenyekiti, mkuu wa Ofisi ambaye hatumwoni kamwe, anaufuta mpango waliopangiwa. Lakini tazama ni nani aliyefuta: ni yule yule aliyeandika. Uhuru wao umetolewa kwa idhini, kama Fletcher alivyoachiwa kwa sharti. Tofauti ni kwamba Fletcher anajua amesamehewa, na David anadhani ameshinda. Kwa hilo naona kijana wa Berkeley alikuwa mkweli kuliko sinema, ingawa sinema ndiyo tamu zaidi kuitazama.

Na yeye mwenyewe alikuwa na lake lililoandikwa. Dick alizaliwa pacha Desemba 1928. Dada yake, Jane, alifariki akiwa na umri wa wiki chache, akazikwa Fort Morgan, Colorado, na wazazi wakachonga majina yote mawili kwenye jiwe la kaburi. Jina la Philip lilikaa hapo miaka 53 likisubiri tarehe. Mwaka 1982 majivu yake yalipelekwa Fort Morgan, na tarehe ikajazwa.