Maneti za kubana ku telefone: historia inatufundisha nini?

Bandugu wanafunzi, kabla ya kutoa dola 100 kwa maneti ya kubana ku telefone, tuangalie kwanza historia yake.

Mwaka 2003 Nokia ilitoa N-Gage: telefone yenyewe njo ilikuwa na butoni za mchezo. Mwaka 2011 ikafuata Xperia Play ya Sony Ericsson, butoni zake zilifichama chini ya kioo. Zote mbili hazikudumu. Mwaka 2013 Apple ilifungulia maneti mlango kwa iOS 7, na Logitech ikatengeneza PowerShell ya iPhone 5, dola 100 hivi. Mwaka moja nyuma, iPhone 6 ikatoka kubwa zaidi: haikuingia tena mule.

Mu 2020 zikaja Razer Kishi na Backbone One, zenye kuvutika. Lakini zile za tundu ya Lightning hazikuingia ku iPhone 15 ya mwaka 2023, yenye USB-C.

Faida iko: vidole havifuniki kioo, na ile ya kuchomeka ku tundu inaitika mbio. Ila michezo ingine haikubali maneti kabisa. Mimi naona hivi: telefone inabadilika mbio kuliko maneti. Wenye kubadilisha telefone kila mara, heri ya Bluetooth, hata ikichelewa kidogo. Ninyi munaonaje?