Boriti, Chokaa na Ramani ya Mji Ujao

Katika nyumba za kale za mawe za pwani ya Waswahili, tangu Lamu hadi Kilwa, upana wa chumba uliamuliwa na mti. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari zito la mawe na chokaa pindi nafasi ikizidi kiasi cha mita 3. Kwa hiyo vyumba vilijengwa vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine. Mgeni aweza kuuita upungufu. Lakini mafundi wa Lamu wa karne ya 18, walipobanwa na kipimo hicho, waliugeukia ukuta wa ndani wakaupamba kwa zidaka za chokaa, safu juu ya safu, hata chumba kikaonekana kina nafasi kuliko ilivyopimwa. Hapo haiwezekani kusema ufundi umekoma wapi na sanaa imeanzia wapi.

Chokaa nayo ilikuwa elimu. Matumbawe yalichomwa juu ya rundo la magogo, kisha chokaa ikalowa maji na kuachwa muda mrefu kabla ya kutumika. Ukuta wa namna hii hupumua. Unyevu huingia ukatoka. Aupakaye saruji, akidhani anauimarisha, huyafungia maji ndani, nayo huula ukuta polepole. Tumeziona nyumba nyingi za Unguja zilizoharibiwa hivyo kwa nia njema kabisa.

Wala wazee hao hawakukataa mambo mapya. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Seyyid Barghash, ilizungukwa na baraza refu zilizobebwa na nguzo za chuma, huku milango yake ikichongwa kwa nakshi. Sehemu ya jumba hilo ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili walipoteza maisha. Wengi walililia jumba; sisi tulijiuliza pia, wamebaki mafundi wangapi waijuao chokaa?

Swali hilo haliwahusu wajenzi wa pwani peke yao. Mwaka 1973 Tanzania iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma, ikapata nafasi adimu ya kuchora mji kabla ya kuujenga. Ramani kuu ya mwaka 1976, iliyotayarishwa na wataalamu wa Kanada, iliwafikiria kwanza waendao kwa miguu na kwa mabasi. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi, na sheria ya mwaka 2018 ikautangaza rasmi kuwa makao makuu, majengo yamechipuka kwa haraka. Jengo la vioo chini ya jua la Dodoma halina budi kupozwa kwa mashine mchana kutwa. Mwenye nyumba wa Lamu alimjengea mpita njia baraza ya kukalia mbele ya mlango wake. Katika ofisi zetu mpya, mpita njia huyo hukaa wapi?

Na mchonga milango, kama ataitwa, aghalabu huitwa mwisho, rangi ikiwa imekwisha kukauka, akaonyeshwa kipande cha ukuta kilichobaki karibu na meza ya mapokezi.